Jumapili Baba Alipomtenga Mama

Baba yangu alikuwa mchungaji wa watu wapatao arobaini, katika ukumbi wa chini ya jengo moja la ghorofa kule Scarborough, mashariki mwa Toronto. Ukumbi ulikuwa wa wapangaji wote. Jumamosi watu walifanyia humo sherehe za watoto wao, kwa hiyo Jumapili asubuhi kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuokota vipande vya maputo na kukwangua keki sakafuni. Baba aliinama na kuokota pamoja nasi. Akimaliza alinawa mikono, akavaa koti lake jeusi, akasimama mbele yetu na Biblia ambayo mgongo wake aliushona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Hakuvaa joho. Hatukuwa na kinanda, ngoma wala gitaa. Tuliimba kwa vinywa vyetu tu, sauti nne, na kwa kuwa dari ilikuwa ya chini, sauti ziligonga juu na kuturudia usoni.

Tulikuwa Watanzania, Wakenya wachache, na Wakongo waliozidi kidogo nusu. Waliokuja mara moja na kutoonekana tena walisema kwetu ni kama msibani. Waliobaki walibaki kwa ajili ya Baba, kwa sababu hakuwahi kuwaambia kitu ambacho hakukiamini.

Alikuwa mkali, sitaki kumpamba. Nyumbani hatukuwa na televisheni. Mimi na Mama hatukuvaa hereni wala kupaka rangi midomoni. Krismasi hatukuisherehekea, Baba alisema Maandiko hayakutaja tarehe, na kama Mungu angetaka tuijue angeituma. Na zaidi ya yote ilikuwepo desturi aliyotoka nayo nyumbani, ile wanayoiita kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba mtu husimama mbele ya wenzake na kuitaja dhambi yake kwa jina lake, bila kuizungushia maneno. Baba alikuwa wa kwanza kila mara. Nimemsikia akisema mbele ya watu kwamba amemwonea wivu mchungaji mwenzake mwenye kanisa kubwa. Nimemsikia akisema, “Alhamisi nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi.” Mama alikaa, mikono mapajani, na watu wakaimba.

Kabla ya Toronto alikuwa na usharika Njombe, nyanda za juu, mahali pa viazi na chai na ukungu unaokaa mpaka saa nne asubuhi. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, alihubiri dhidi yake kila Jumapili mpaka mianzi yenyewe ilipokauka. Watu walimcheka, lakini walimpenda. Kilichomtoa huko ni maziko. Alifariki tajiri mmoja aliyekuwa ameezeka paa la kanisa, mtu aliyeishi na wanawake wawili na ambaye hakuikaribia meza ya Bwana kwa miaka mingi. Wakubwa wa kanisa walimwagiza Baba amzike kwa heshima zote na kumsifu kuwa nguzo ya usharika. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama karibu na kaburi, na nayakumbuka maneno yake.

“Ndugu yetu huyu alinikaribisha kwake mara nyingi,” alisema, “na kila mara nilimwomba arudi. Hakurudi. Siwezi leo kusema mbele ya jeneza lake neno ambalo sikuweza kulisema mbele ya uso wake. Tumwachie Mungu.”

Akasoma zaburi, akatupa udongo, akaondoka. Mjane alilia kwa namna nyingine baada ya maneno yale, na hilo nalo nalikumbuka. Baada ya miezi miwili Baba alihamishiwa ofisini, atunze vitabu vya ubatizo, asihubiri. Alijiuzulu. Mwenzake waliyesoma naye chuo cha Biblia alikuwa Toronto tayari, na huko kulikuwa na kikundi cha watu waliokuwa wakisali kwa Kiswahili sebuleni kwa mtu bila mchungaji. Wakamwita. Alitangulia yeye mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi na Mama tukamfuata baada ya miaka mitatu, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Kanisa halikuwa na uwezo wa kumlisha, hivyo alifanya kazi kama kila mtu. Kazi ya kwanza, kiwandani, ilimtaka Jumapili, akakataa, wakamwachisha kazi. Ya pili ilikuwa hotelini, ikawa vile vile. Ya tatu ilikuwa mahali wanapofua mashuka ya hospitali. Msimamizi wake, Mhindu mmoja mpole wa Kitamili, alimsikiliza akieleza habari za siku ya Bwana, kisha akamwambia kwamba hata mama yake ana siku za dini yake ambazo hagusi kazi, na akampangia siku nyingine. Baba alifua mashuka ya hospitali hadi mgongo ulipomshinda.

Jumapili hakupanda hata basi. Alisema dereva naye ana roho, na sisi tukipanda tunamlipa aivunje siku. Basi tulitembea dakika hamsini kwenda na dakika hamsini kurudi. Wakati wa theluji yeye alitangulia, Mama akafuata, nami nyuma nikitia miguu yangu ndani ya mashimo ya viatu vyao. Baadaye mzee mmoja Mkenya wa kanisani alianza kutupitia na gari lake. Baba alikaa siku tatu akilifikiri jambo hilo kabla ya kukubali.

Sasa nimfikie mwanamke aliyebadilisha mambo. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mjane mwenye mabinti wawili. Alikuja kanisani kwetu mwaka ule ule tuliofika sisi, akaketi karibu na Mama, na tangu siku hiyo hawakuachana. Mimi nilimwita mama mdogo. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda, na ni yeye aliyemtafutia Mama kazi hapo hapo. Jioni walirudi pamoja kwenye basi wakiwa wamevua viatu. Alimfundisha Mama kupika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mafuta ya mawese, na Mama akamfundisha kusuka vikapu vya milulu, ile nyasi ya kwetu Wabena, ingawa huku milulu yenyewe hakuna, walitumia kamba za plastiki.

Mama alikuwa na kazi yake ya Jumapili pia, au hivyo ndivyo tulivyoelewa. Baada ya ibada na chakula alijifunga kitambaa akaenda kuwatazama wazee wale wale, wengi wao wasio na mtu wa kuwatembelea. Baba alimsifu kwa hilo. Zaidi ya mara moja alisema akiwa mbele, “Mke wangu anafanya kazi siku sita, na ya saba anakwenda kwa wale wale, bure, kwa upendo.” Mama alitazama chini. Nilidhani ni unyenyekevu.

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane habari ilipomfikia Baba kwamba mama mdogo anafanya kazi ya mshahara Jumapili moja baada ya nyingine. Alimwendea nyumbani mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda naye. Mama mdogo alitupa chai na mandazi, akamsikiliza Baba mpaka mwisho, halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha kwao, ambako Jumapili huiita siku ya Yenga:

“Pasta, siku ya Yenga bazee banakula ao habakuli?”

“Wanakula,” Baba alisema.

“Nani anabapatia?”

“Wapo wasioamini. Wao na wafanye.”

“Basi unataka bale basioamini bafanye mema, na sisi tukae tuimbe.”

Baba alisogeza kikombe chake pembeni. Alisema siku ni ya Bwana, si yetu kuigawa. Mama mdogo alisema hawezi kuacha, na hawezi kusema anatubu wakati hatubu. Nilimwona Baba akimheshimu kwa neno hilo. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alisimama mbele akatangaza kwamba dada huyu ametengwa: asishiriki meza ya Bwana wala asiombe kwa sauti kati yetu, mpaka atakapogeuka. Alilisema polepole, bila hasira.

Mama mdogo alisimama. Alimtazama Mama kwa muda, uso wake mtulivu kabisa. Mama hakuinua macho. Basi mama mdogo akachukua koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka, na mabinti zake wawili wakamfuata katikati ya viti, watu wote wakiwatazama.

Zilipita wiki tano. Mama aliacha kuimba. Kwenye basi alirudi peke yake, kwa sababu mama mdogo aliomba zamu nyingine. Nyumbani alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Jumapili ya sita, wakati wa kutembea nuruni, Baba alipomaliza lake, Mama akasimama. Hakuwahi kusimama kabla ya hapo.

“Mimi siendi kuwatembelea wazee,” alisema. “Ninakwenda kazini. Jumapili naingia shifti ya saa nane na ninalipwa kama siku nyingine. Ni mwaka wa pili sasa. Mchungaji alinisifu mbele yenu na nikakubali sifa. Dada yetu alijua. Siku mliyomtoa alijua, akaninyamazia.”

Nilisikia bomba la joto ukutani likigonga. Baba alikuwa ameshika Biblia kwa mikono miwili.

“Natubu uongo,” Mama aliendelea. “Uongo ni wangu na ni mbaya. Lakini kazi siitubu. Yuko bibi pale asiyemeza mpaka umsugue koo kwa kidole. Siwezi kumtubu yule.”

Akakaa. Baba alifunga ibada kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba.

Kesho yake jioni wazee wawili wa kanisa walikuja kwetu. Mmoja alikuwa yule Mkenya mwenye gari, mtu mwema. Waliketi sebuleni, wakazungukazunguka kwa maneno, mwishowe Mkenya akasema, “Mchungaji, hili la Mama tulimalizie humu ndani. Watu wataelewa.”

“La yule dada tulilimalizia ndani?” Baba aliuliza.

Mkenya alizungusha funguo za gari mkononi.

“Basi,” alisema.

Mama alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, anasikia kila neno. Baba alipowasindikiza wageni akarudi, alisimama mlangoni mwa jikoni. “Mama, unajua nitakachofanya,” alisema. Alimwita hivyo siku zote.

“Najua, Mchungaji.” Naye alimwita hivyo siku zote, hata nyumbani. “Ungefanya kingine ningeshangaa.”

Jumapili iliyofuata alisimama mbele kama kawaida. Alitangaza kwamba mke wake ametengwa, kwa maneno yale yale aliyotumia kwa mama mdogo, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe aliisifu kazi ile ile aliyomhukumia mwingine, kwa sababu tu hakujua inalipwa, na kwamba mtu aliyeona vibaya hivyo hafai kuwapa wengine mkate na kikombe. Alimwomba mzee Mkenya aongoze. Akakunja karatasi zake, akatembea mpaka kiti cha mwisho alipokuwa Mama, akakaa pembeni yake. Mkate ulipopita, uliwaruka wote wawili.

Hali hiyo ilikaa karibu miezi saba. Nilikuwa na umri wa kukasirika na nilikasirika vya kutosha kwa watu watatu. Niliwaona wakiomba pamoja kila asubuhi kama kawaida. Niliona Jumamosi Baba anapaka rangi viatu vya Mama, na Jumapili saa sita na nusu Mama anavivaa kwenda kazini, na Baba anamfungulia mlango. Hakumkataza, wala hakumruhusu.

“Mama, huoni aibu?” nilimuuliza siku moja tukianika nguo kwenye kibaraza.

“Aibu niliiona miaka ile miwili ya kusifiwa,” alisema. “Sasa nalala vizuri.”

“Na yeye? Anakutenga halafu anakupaka viatu rangi.”

“Wewe ulitaka anitenge asinipake?” Alibana shati kwa vibanio viwili. “Baba yako analifikiri jambo. Mwache. Huwa hafikiri upesi.”

Alikuwa akilifikiri kweli. Vitabu vilijaa mezani. Alisoma, akaandika, akafuta. Kisha Jumapili moja ya mwezi wa nne, theluji ikiwa imebaki madongo meusi pembezoni mwa barabara, aliniambia nivae koti. Tulitembea saa nzima na nusu mpaka kwenye ile nyumba ya wazee. Alikuwa hajawahi kuingia humo.

Mama hatukumwona kwanza. Tulikaa kwenye ukumbi ambamo wazee wengine walikuwa wamepangwa mbele ya dirisha. Mhudumu mmoja alipita mbio, akapita tena mbio. Mzee mmoja wa Kihindi kwenye kiti cha magurudumu alitutazama, akatusikia tukinong'ona, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, “Ninyi watu wa wapi?”

“Njombe,” Baba alisema.

“Mimi wa Iringa. Nimezaliwa pale pale, nyuma ya soko. Kamwene.”

“Kamwene, mzee,” Baba akaiitikia salamu ya kwetu, na nikaona mabega yake yakishuka.

Waliongea habari za baridi ya Njombe na duka la vitambaa la huyo mzee, lililokuwa na mlango wa kijani. Halafu mzee akajishika kidevu. Ndevu zilikuwa za siku nne, nyeupe na zisizo sawa. Alisema mwanawe anakuja saa kumi kutoka Mississauga na hataki amwone hivi, ila mhudumu amemwambia asubiri, leo watu wa kazi ni wachache.

“Wembe uko wapi?” Baba aliuliza.

Ulikuwa kwenye kabati la chumbani kwake, ndani ya mfuko wenye jina lake. Nilileta beseni la maji ya moto na taulo. Baba alivua koti lake jeusi, akakunja mikono ya shati. Alimpaka povu, akaivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, akaanza. Alichukua muda mrefu. Mzee alikuwa na mikunjo mingi na Baba alipita katika kila mkunjo.

“Una mkono mzuri,” mzee alisema walipofika kidevuni. “Ulikuwa kinyozi?”

“Mchungaji.”

“Wa kondoo?”

“Wa watu.”

Mama alitokea mlangoni akisukuma toroli la chakula, amevaa sare ya zambarau. Alimwona mumewe ameinama na wembe mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Aliweka sahani ya mzee mezani, akaendelea na chumba kinachofuata.

Tulipokuwa tukirudi Baba alitembea mbele mpaka tulipofika daraja linalopita juu ya barabara kuu. Hapo alisimama, magari yakinguruma chini yetu.

“Yule mzee angekaa na ndevu mpaka kesho,” alisema.

“Ndiyo, Baba.”

“Na yule bibi anayelishwa na mama yako asingekula.”

“Ndiyo.”

“Nililijua hilo. Nililijua siku ya kwanza yule dada aliponiuliza, nikalipita.” Akaanza kutembea tena.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya kusema, akiwa bado ni mtu wa kiti cha nyuma. Alikwenda mbele. Nimemsikia akihubiri mamia ya mara na mengi nimesahau, lakini hayo sikuyasahau.

“Bwana mwenyewe aliponya siku ya Sabato,” alisema, “nami nimelisoma hilo tangu ujana wangu. Nililisoma, na bado nikamtoa nje mwanamke anayewalisha vikongwe. Nimetafuta miezi hii kwa nini nilifanya hivyo. Nimeona. Nilipoteza kazi mbili kwa ajili ya siku hii. Iliniuma, wala sikumwambia mtu kwamba iliniuma. Nilipomwona yeye hakupoteza kitu, nikataka apoteze. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na nilimtoa mtoto wa Mungu kwa ajili yake.”

Alikuwa analia, kwa namna yake, uso haujakunjika, maji tu yanashuka. Kisha sauti moja ya mwanamke ilianza wimbo, na wengine wakafuata. Mzee Mkenya alimrudisha Mama mezani siku hiyo, na Baba alisubiri wiki moja zaidi, akisema kabla ya kula mkate ana mtu wa kumwona.

Mama mdogo alikuwa amehamia Pickering. Tulikwenda Jumatatu, sisi watatu, kwa treni na basi. Alitufungulia mlango, akamkumbatia Mama kwa muda mrefu sana, akatuketisha. Binti mkubwa alitusalimu kwa Kiingereza akaenda chumbani, akafunga mlango.

Baba alisema aliyokuja kusema. Alipiga magoti kwenye zulia, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawamfanyii mwanamke, na mama mdogo akamwambia haraka ainuke.

“Pasta, nilisha kukusamehe zamani,” alisema. “Ningekaa na ile kitu ndani ya roho, ningekuwa nimekufa. Lakini kurudi, apana. Batoto bangu balitembea nyuma yangu mbele ya bantu yote. Ile, miye sitabarudisha mule.”

“Nimeelewa,” Baba alisema. Baadaye akauliza, “Siku ile kwa nini hukumtaja mke wangu? Ungesema neno moja, ungetunyamazisha wote.”

“Ilikuwa zambi yake. Haikuwa yangu ya kusema.”

Baba aliliwaza neno hilo njia nzima. Kwenye treni alimwambia Mama, “Yule anatembea nuruni kuliko mimi,” na Mama akasema ndiyo, anajua.

Urafiki wao ulirudi. Walisafiri kuonana kila mwezi, na mama mdogo alisali kwenye kanisa kubwa lenye ngoma na taa za rangi, akawa na furaha huko. Kwetu, ibada ilihamishiwa saa kumi na mbili jioni ili wanaotoka kazini waweze kufika, na Mama akaomba zamu ya asubuhi. Familia nne zilituacha. Walisema Mchungaji amepoa, kwamba amekuja Kanada akawa Mkanada. Liliwauma wao na yeye pia, maana walikuwa watu aliowafunza mwenyewe. Tulibaki kama ishirini. Wala hakupoa kwa lolote lingine. Kinanda hakikuingia, Krismasi haikuingia, na mpaka mwisho aliwasihi wote wanaoweza kupumzika Jumapili wapumzike.

Mimi nilitoka kanisani kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilimwambia usoni, akasema afadhali nimemwambia. Niliolewa na Mgoa, mtu wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Mississauga na wazazi waliotoka Dar es Salaam, Mkatoliki, mwenye Kiswahili cha kusikia tu, cha kuitikia kwa Kiingereza. Baba alikuja harusini. Alikaa mstari wa mbele na hakupiga magoti walipopiga wengine, akaondoka muziki ulipoanza, lakini alikuja. Miaka ya kwanza nilivua hereni kila nilipofika mlangoni kwao. Siku moja nilisahau. Alinitazama wakati wote wa chai, mwishowe akasema, “Hiyo ya kushoto imelegea. Itaanguka.”

Miaka ya mwisho macho yake yaliharibika, na mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari. Mara moja tulikuwa tumekaa garini kwenye maegesho baada ya kutiwa dawa, tukingoja mboni zake zitulie kwa sababu mwanga ulimuumiza. Alikuwa amefunga macho.

“Nikuulize,” alisema. “Wewe ulilelewa na mimi kwa nguvu. Nilikukosea?”

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa mzee, na mgonjwa.

“Ndiyo, Baba,” nikasema. “Mara kadhaa.”

“Taja moja.”

“Nilipokuwa na miaka kumi na mitano ulikuta barua ya mvulana wa shuleni kwenye begi langu. Ukanisimamisha mbele ya watu wote niisome. Haikuwa na kitu kibaya. Aliandika kwamba anapenda ninavyocheka. Kwa muda mrefu sana baada ya pale sikucheka mbele ya watu.”

Hakujitetea. Midomo yake ilisogea kidogo, na nikajua analirudia moyoni alishike vizuri.

“Nilimwaibisha mtoto,” alisema, “kwa barua isiyokuwa na kosa. Naomba unisamehe.”

“Nimekusamehe.”

“Ipo nyingine?”

“Ipo.”

“Sema,” alisema, akaegemeza kichwa kwenye kiti. Nikaongeza joto la gari, kwa sababu mikono yake ilikuwa ya baridi, nikamwambia ya pili.